Laini Zimeingiliana: Namna ya Kujua Kama Majirani Ndio Wanaokula Kasi ya Intaneti Yako

Waliokuwa na simu ya mezani enzi zile, iwe Dar, Mombasa au Unguja, wanakumbuka. Unanyanyua mkono wa simu umpigie mjomba, na kabla hujazungusha namba unamsikia mwanamke usiyemjua anamweleza mwenzake bei ya kitenge. Unasema "haloo, haloo", nao wanaulizana "nani huyo?", mpaka mmoja anatoa hukumu: laini zimeingiliana. Unaweka chini, unasubiri, unajaribu tena.

Kule kuingiliana hakujafa. Kumehamia kwenye intaneti, na ubaya wake ni kwamba sasa hakusikiki. Huku Uingereza ninakoishi, nyumba nyingi bado zinaletewa intaneti kwa waya wa shaba wa simu: faiba inafika hadi kabati la kijani lililo pembeni mwa barabara, na kutoka hapo hadi ukutani kwako ni shaba ileile ya zamani. Jirani akijiunga, yule wa ng'ambo akijiunga, kasi yako inashuka kidogo kidogo bila kitu chochote kuharibika. Mafundi wanaiita krostoki. Mimi nitaiita mwingiliano, maana neno tulikuwa nalo kabla yao.

Nimejifunza haya kwa sababu ya mama mmoja wa Kizanzibari hapa Leicester ambaye wote tunamwita Shangazi. Alinipigia siku moja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unitazamie hii mashine, imekuwa kobe. Nimenunua mpya na hiyo mpya nayo kobe."

Alipounganishwa mara ya kwanza alikuwa anapata Mbps 68, yaani megabiti 68 kwa sekunde. Siku niliyokwenda ilikuwa 51. Kampuni yake ilikuwa imempima mara tatu kwa mbali na kumwambia laini ni nzima. Walikuwa wanasema kweli, na yeye alikuwa analalamika kweli. Mwongozo huu ni wa watu walio katikati ya kweli hizo mbili.

Hatua ya 1: Hakikisha una laini ya shaba

Tazama waya unaoingia nyuma ya ruta. Kama unatoka kwenye soketi ya simu ukutani na ncha yake ni kile kidude kidogo cha plastiki angavu cha simu, uko kwenye shaba, endelea kusoma. Kama ukutani kuna kisanduku chenye taa zake, kinachotumia umeme wake chenyewe, na ndani yake umeingia uzi mwembamba wa kioo, basi una faiba hadi nyumbani. Mwanga ulio ndani ya kioo chako hauvujii kwenye kioo cha jirani. Tatizo lako litafute kwingine. Na kama waya ni mnene, wa mviringo, wenye ncha ya kuzungusha kama ya antena ya televisheni, huo ni wa kampuni ya kebo, nao una maradhi yake mengine.

Ndugu walio nyumbani Afrika Mashariki, wengi wenu mko kwenye bando la simu au faiba, kwa hiyo haya hayawagusi. Wachache waliobaki na laini za shaba za ADSL, ile intaneti ya mwanzo ya waya wa simu, wanaujua mwingiliano, ila kwao mwizi wa nyaya ni adui mkubwa kuliko jirani.

Kinachotokea ndani ya waya

Laini yako ni nyaya mbili za shaba zilizosokotwa pamoja. Kusokota huko ni hila ya zamani: Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1881, kwa sababu nyaya zilizonyooka sambamba zilikuwa zinaibiana mazungumzo. Zikisokotwa, kile kinachovuja upande huu wa msokoto kinafutwa na kinachovuja upande ule. Na ndani ya kebo moja, jozi moja husokotwa kwa kukaza tofauti na ya pembeni yake, ili misokoto isije ikaenda sambamba.

Hila hiyo ilitosha kwa sauti. Simu ya kawaida haihitaji zaidi ya hertz 3,400. Lakini ADSL ilipokuja ilipanda hadi megahertz 1.1, ADSL2+ ikafika 2.2, na VDSL2 inayotumika kwenye makabati ya Uingereza inapanda hadi megahertz 17 na ushei. Kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo uvujaji kati ya jozi na jozi unavyozidi. Kebo iliyozikwa kwa ajili ya kuulizana hali sasa inabeba sinema, na jozi zako zimelala bega kwa bega na za majirani kwa mamia ya mita.

Fikiria jikoni siku ya shughuli. Mkiwa wawili mnasikilizana hata kwa kunong'ona. Wakiingia wapishi wengine kumi, nao wakaanza kusimuliana, inabidi upaze sauti. Modemu hairuhusiwi kupaza sauti, maana nguvu yake imewekewa kikomo. Kinachobaki ni kuongea polepole, neno kwa neno, ili mwenzako asikosee. Huko kuongea polepole ndiko kasi yako inakokwenda.

Tupige hesabu, maana bila hesabu mtu atakwambia ni maneno. VDSL2 huyakata masafa yake kuwa vijia vidogo, kila kimoja cha kilohertz 4.3125, na kila kijia hupakiwa biti zake mara 4,000 kwa sekunde. Kijia kisafi kinaweza kubeba hadi biti 15 kwa mara moja. Kelele ikiongezeka kwa desibeli 3 tu, kila kijia kinapoteza takriban biti 1. Sasa chukua vijia 2,500 vya kupakua. Vikipoteza biti 1 kila kimoja, mara 4,000 kwa sekunde, umepoteza Mbps 10. Desibeli 3 ni kitu kidogo ambacho hakuna kipimo cha kampuni kitakachopiga kelele kwa ajili yake, lakini wewe umeshakatwa Mbps 10.

Jambo moja huwashangaza watu: wanaoumia zaidi kwa idadi ya Mbps ni walio karibu na kabati. Wao ndio wanaotumia masafa ya juu kabisa, na huko juu ndiko uvujaji ulikokithiri. Aliye mbali, masafa yake ya juu yalishafifia njiani tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hana kikubwa cha kuibiwa. Kwa hiyo yule rafiki yako aliyekuwa anajigamba mwaka 2012, Openreach, wenye nyaya na makabati haya, walipopandisha kikomo kutoka Mbps 40 hadi 80, ambaye sasa ananung'unika, usimcheke. Alikuwa wa kwanza kufika jikoni.

Hatua ya 2: Tenganisha laini na Wi-Fi

Nusu ya wanaoniita hawana tatizo la laini kabisa. Ruta imefichwa nyuma ya televisheni, mtu yuko chumba cha juu, anapima kwa simu. Wi-Fi za majirani nazo huingiliana, lakini huo ni mwingiliano wa hewani na dawa yake ni tofauti.

Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya wa mtandao, zima Wi-Fi ya kompyuta, waambie watoto wapumzike dakika mbili, kisha pima. Kama kasi imerudi, funga ukurasa huu uhamishe ruta mahali pa wazi. Kama bado ni kobe, twende mbele.

Hatua ya 3: Ingia ndani ya ruta uandike namba nne

Fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa mgongoni mwa ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.1.254. Ingia kwa nywila iliyo kwenye kibandiko hichohicho. Tafuta ukurasa wa hali ya DSL, yaani intaneti ya waya wa simu. Ruta nyingi huuficha chini ya mipangilio ya juu, kana kwamba ni siri. Unatafuta haya:

- Kasi ya muunganisho, imeandikwa "Data Rate" au "Sync". Hii ni kasi waliyokubaliana ruta na kabati. Kipimo cha mtandaoni siku zote kitakuwa chini yake kidogo.
- Kasi ya juu inayowezekana, "Max Data Rate" au "Attainable". Hii ndiyo laini ingeweza kubeba kwa hali ya sasa.
- Akiba, "Noise Margin" au "SNR Margin", kwa desibeli. Ni nafasi ya usalama kati ya mawimbi yako na kelele. Mfumo unaosimamia laini kwa kawaida hulenga 6, na baadhi ya laini tulivu huruhusiwa 3.
- Kufifia, "Attenuation", nayo kwa desibeli. Inaeleza mawimbi yamepoteza nguvu kiasi gani njiani, yaani umbali na ubora wa waya.

Ruta nyingine za kampuni hazionyeshi zote nne. Fritz!Box huonyesha zote pamoja na mchoro wa masafa, ndiyo maana wadadisi wanaipenda.

Ziandike kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Asubuhi, jioni, usiku, kwa wiki moja au mbili. Najua inachosha. Lakini namba moja peke yake haikwambii kitu; mwingiliano unajulikana kwa mwendo wake, kama mtu anavyojulikana kwa hatua zake kabla hujamwona uso.

Hatua ya 4: Soma mwendo

Mwingiliano hushuka kwa ngazi. Akiba ilikuwa 6, Jumanne ikawa 5.2, ikakaa hapohapo wiki nzima. Maana yake Jumanne kuna mtu kaunganishwa. Kufifia hakubadiliki, kwa sababu waya wako ni uleule. Majirani ndio walioongezeka. Pengine utaona akiba inapanda kila usiku saa tano na kushuka saa moja asubuhi, siku baada ya siku: huyo ni jirani anayezima ruta yake akienda kulala.

Kilichoniondolea mimi shaka kilikuwa futari. Nilialikwa kwa Shangazi mwezi wa Ramadhani, tambi mezani, na umeme ukakatika mtaa mzima. Tulicheka, tukajiona tumerudi nyumbani. Umeme uliporudi nilikuwa na simu mkononi, nikafungua ukurasa wa ruta yake. Ilikuwa imewahi kuliko za majirani: Mbps 63, akiba 6. Nikabaki natazama. Akiba ikawa 5. Ikawa 4. Ndani ya dakika tano ilikuwa 2.5, na kila iliposhuka niliona kama mlango mwingine wa mtaani umefunguliwa. Usiku huo laini ikakatika yenyewe kwa kukosa akiba, ikaungana upya kwa Mbps 51, akiba 6, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtaa mzima ulikuwa umerudi jikoni.

Sasa linganisha na maradhi mengine, maana haya yana dawa na hutaki kuyaacha kwa kudhani ni majirani.

Kama kasi ya muunganisho haibadiliki lakini kipimo cha mtandaoni kinaanguka saa mbili usiku na kupanda alfajiri, huo ni msongamano kwenye mtandao wa kampuni. Waya hauhusiki.

Kama kufifia kumeongezeka, au laini inakatika siku za mvua na upepo, shuku kiungo kibovu cha waya nje. Kama bado una simu ya kizamani inayochomekwa ukutani, piga 17070 uchague namba 2, ambacho ni kipimo cha ukimya. Usikilize. Laini nzima ni kimya kitupu. Mkwaruzo au mchemko kama wa mafuta ya kukaangia ni kiungo kibovu, na hiyo ni kazi ya fundi. Waliokwisha kuhamishiwa simu inayochomekwa kwenye ruta hawatafaidika na kipimo hiki.

Kama akiba inaanguka ghafla na makosa yanamiminika kila mara kifaa fulani kinapowashwa, hicho ni kifaa cha umeme kinachotoa kelele: chaja ya bei rahisi, taa za mapambo, adapta iliyochakaa. Chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye mawimbi ya kati mahali pasipo na stesheni, uzunguke nayo nyumbani. Itakapopiga kelele kali, umempata mwenye kosa.

Hatua ya 5: Rudisha kile kilicho mikononi mwako

Majirani huwezi kuwafukuza. Lakini waya wa ndani ya nyumba ni wako, na mara nyingi umeshakuibia Mbps kadhaa kabla jirani hajafika.

Anza na soketi kuu, ile ambayo waya wa nje unaingilia. Soketi nyingi za Openreach zina uso wa chini unaofunguka, kwa skrubu mbili au kwa kubonyeza pembeni. Ukiuvuta, nyuma yake kuna tundu jingine la majaribio. Ukichomeka hapo umezikata nyaya zote za ndani ya nyumba na kubaki na laini tupu kutoka nje. Chomeka ruta hapo, kupitia kichujio (kidude kinachotenganisha sauti na intaneti) kama bado una simu ya kizamani, subiri iungane, andika namba zako nne.

Kasi ikipanda, tatizo liko kwenye nyaya zako za ndani. Mkosaji wa kawaida ni waya wa kengele, uliofungwa kwenye kituo namba 3 cha soketi. Uliwekwa kwa ajili ya kulizia simu za zamani, na leo kazi yake ni kudaka kelele kama antena. Laini inatumia vituo namba 2 na 5 tu. Huo wa tatu kwenye soketi za ndani unaweza kuondolewa. Usiguse waya unaotoka nje kuingia upande wa nyuma wa soketi kuu. Huo si wako.

Mkosaji wa pili ndiye tuliyemkuta kwa Shangazi. Ruta ilikuwa sebuleni, soketi kuu ukumbini, na kati yake waya bapa wa simu wa mita 15 umepita chini ya zulia. Waya bapa haujasokotwa. Bell aliligundua hilo karne ya kumi na tisa na sisi tukaenda kununua dukani kwa pauni chache. Tuliisogeza ruta hadi ukumbini kwa waya mfupi uliosokotwa, na waya mrefu wa mtandao tukaupeleka sebuleni badala yake; huo unaweza kuwa mrefu bila madhara. Ikapanda kutoka 51 hadi 56.

Onyo moja. Usizime na kuwasha ruta mara kumi kwa siku ukijaribu bahati. Mfumo unaosimamia laini huhesabu kukatika. Ukiona laini inakatikakatika unaamua haina utulivu, unaishusha kasi kwa makusudi na kuongeza ulinzi dhidi ya makosa. Badilisha kitu kimoja, iache siku mbili tatu, ndipo uandike.

Vitu ambavyo havitakusaidia

Ruta mpya, mara nyingi. Shangazi alikwisha kuthibitisha hilo kwa fedha zake. Kuhamia kampuni nyingine nako hakusaidii kama kampuni hiyo inatumia kabati lilelile na waya uleule wa Openreach: jina kwenye bili litabadilika, majirani watabaki. Uhame kwa ajili ya bei au huduma ya simu, si kwa kutegemea shaba itatulia.

Na kuzimwa kwa mtandao wa simu za zamani Uingereza, uliopangwa kukamilika Januari 2027, hakuondoi mwingiliano. Kinachozimwa ni huduma ya sauti ya kizamani. Intaneti ya shaba itaendelea kupita kwenye nyaya zilezile mahali ambapo faiba haijafika, na kelele yake vilevile.

Dawa halisi ipo, inaitwa vektaringi. Kabati linapima jinsi kila laini inavyovujia kwenye nyingine, kisha linatuma mawimbi yaliyokwisha kusahihishwa, kiasi kwamba uvujaji ukifika kwako unakuwa umejifuta wenyewe. Ni ile hila ya msokoto, safari hii kwa hesabu. Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa uliipitisha kama kanuni mwaka 2010, na Ujerumani na Ubelgiji waliieneza kwa bidii. Uingereza waliijaribu, hawakuifikisha nchi nzima. Kwa hiyo ndugu wa Hamburg au Antwerp, kama laini yako ina vektaringi, mengi ya hapa hayakuhusu, ila jambo moja: modemu yako lazima iifahamu. Modemu kuukuu ya sokoni isiyoijua hesabu hiyo itabanwa kwenye masafa ya chini isije ikawachafulia wengine, nawe utabaki unalaumu kampuni.

Hatua ya 6: Zungumza na kampuni ukiwa na daftari

Ukisema "intaneti iko polepole", utaambiwa uzime uwashe. Ukisema "majirani wananiingilia", utaambiwa si hitilafu, na kwa kweli si hitilafu. Neno la kutafuta ni kasi ya chini iliyohakikishwa.

Kampuni zilizotia saini kanuni za Ofcom, msimamizi wa mawasiliano Uingereza, kuhusu kasi ya intaneti zinapaswa kukwambia kasi hiyo wakati unapojiunga, na iko kwenye barua au barua pepe ya mkataba. Kanuni hizo ziliimarishwa Machi 2019: kasi yako ikishuka chini ya ile waliyohakikisha, kampuni ina siku 30 za kurekebisha, na ikishindwa unaweza kuvunja mkataba bila faini. Mradi kosa halimo kwenye nyaya zako za ndani, hawatakuuliza kama sababu ni jirani au ni panya. Namba ndiyo inayozungumza.

Kwa hiyo tafuta barua hiyo kwanza. Halafu tazama makadirio ya laini yako kwenye ukurasa wa kukagua upatikanaji wa BT Wholesale, tawi la BT linalouzia laini kampuni nyingine. Unaonyesha viwango viwili, cha laini safi na cha laini iliyoathirika, kila kimoja na kasi yake ya juu na ya chini. Ukiwa ndani ya kiwango, hakuna atakayetumwa. Ukiwa chini ya kiwango cha laini iliyoathirika, una kesi.

Kabla ya kukubali fundi aje, hakikisha umekwisha kupima kwenye tundu la majaribio na matokeo umeyaandika. Fundi akija akakuta kosa liko kwenye waya wako wa chini ya zulia, unaweza kutozwa. Akija na kosa liko nje, mwombe kwa adabu ajaribu kukuhamishia kwenye jozi nyingine ndani ya kebo kama ipo iliyo wazi. Jozi hazivujiani sawasawa. Jozi ya pembeni ya kebo inaweza kuwa na majirani wapole zaidi. Hana wajibu wa kukubali, lakini fundi aliyekaribishwa chai huwa na muda zaidi.

Kwa Shangazi, kasi iliyohakikishwa ilikuwa Mbps 55. Alipokuwa na 51 alijiona ana kesi. Tulipoondoa ule waya bapa akawa na 56, na kesi ikaisha hapohapo. Alinitazama kwa muda.

"Yaani umenitengenezea hadi nimekosa kesi?"

Nikamwambia ndivyo.

Hiyo ilikuwa kabla faiba haijachimbiwa mtaa wake. Siku hizi ameandikiwa barua nne za kumshawishi ahame, na majirani wake wengi wameshahama. Mwezi uliopita alinipigia: akiba yake imepanda yenyewe hadi 8 na nusu. Nikamwambia azime ruta mara moja tu, aiwashe. Ikakamata 64.

"Basi sihami," akasema. "Wameniachia jiko peke yangu."